Kilemba Kina Maana Moja Tu

Haikuwa zamani wala haikuwa mbali, na asiyeamini asimwulize jirani yake, maana jirani naye ana jirani. Nchi yenyewe siitaji. Si kwa hofu. Ni kwamba jina lake lilibadilishwa mara tatu mwaka jana, na tangazo la mara ya tatu lilitoka siku nina homa.

Kabla sijafika mbali, liandikwe jambo moja: mimi si mtu wa wivu. Naitwa Vuai bin Haji, Msimamizi wa herufi K katika Ofisi ya Maneno ya Taifa, mwaka wa ishirini na sita huu, na sijapata kumwonea mtu kijicho. Walionipita vyeo nimewapa mkono wote. Majina yao ninayo, kila mmoja na tarehe aliyonipita, lakini hiyo ni kumbukumbu tu.

Wivu katika nchi yetu ni kazi ya Mtukufu Baba Mlinzi, naye anaifanya kwa bidii. Mfalme wa Ng'ambo, jirani yetu, alipojenga kipilefti penye njia nne, Mtukufu alijenga vipilefti viwili katika kiwanja cha mchanga kisichokuwa na barabara hata moja. Mfalme alipopata mapacha, ofisi yetu ya vizazi iliagizwa kuandikisha kila mtoto mara mbili. Hivi sasa tuna watoto wengi sana na madarasa yaleyale.

*

Balaa la kilemba lilianzia kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Mtukufu alikwenda na kofia yake ya viua, ile ya vitundu vidogo vya sindano, iliyoshonwa na mafundi kumi na wawili, ambao wanne kati yao bado wanaona. Mfalme wa Ng'ambo akaja na kilemba. Cheupe, mikunjo tisa, kimeachiwa kishungi kidogo nyuma ya sikio. Wapiga picha wote wakageukia huko. Kesho yake gazeti letu wenyewe, gazeti la serikali, likatoa picha kubwa ukurasa wa kwanza na chini yake maneno haya: "Mfalme wa Ng'ambo akiwa na kiwiko cha Mtukufu." Mhariri alijitetea kwamba kiwiko kilitoka vizuri. Utetezi huo anautoa hadi leo, kwa kila mlinzi anayemletea uji.

Mtukufu hakula siku mbili. Watu wa ndani wanasema alijifungia na lile gazeti akihesabu mikunjo kwa kidole, akifika tisa anaanza upya, labda safari hii itatoka minane. Namwelewa. Wivu ukikukaa kooni hata maji hayapiti. Nasikia tu kwa watu.

Siku ya tatu Mheshimiwa Bakungu, Waziri wa Adabu na Vya Kichwani, akaja ofisini kwetu, ambapo zamani palikuwa ghala la chumvi na kadi zetu za maneno bado hunyevuka kila masika. Alisimama juu ya kiti ili maneno yake yatoke juu.

"Taifa lisilo na kilemba," alisema, "lina kichwa, lakini kichwa chenyewe hakijatangazwa. Mtukufu atavaa kilemba. Ila Mtukufu haigi. Kwa hiyo ninyi mtathibitisha kwamba kilemba, kitu chenyewe na neno lake, vilizaliwa hapa, kisha vikaibwa. Mna siku saba. Ukweli ukipatikana mapema, uleteni mapema."

Tulipiga makofi. Kilemba kinaanza na K, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Yaani yangu na Mize.

*

Mize binti Faki ni mwanafunzi wangu. Alikuja ofisini hajui hata kupanga kadi, akiandika "tazama pia" pasipo na cha kutazama, na mimi ndiye niliyemshika mkono. Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Siku hizi mtu akija na neno gumu huniamkia mimi kwa heshima zote, kisha huenda kwenye meza yake. Hati yake ni nzuri hata makarani wa herufi M huja kuichungulia wakijifanya wanaazima gundi. Mimi siioni ajabu. Mwenye meza karibu na dirisha lazima aandike vizuri, na meza ile ya dirishani ningekaa mimi kama jua lisingeniumiza macho.

Lilikuwako jambo moja tu lililonikera, na nililisema wazi kwa kila aliyetaka kunisikiliza na kwa wengi wasiotaka. Kwetu mwanafunzi akihitimu humpa fundi wake kilemba. Seremala hupewa, mshonaji hupewa, mwalimu wa chuo hupewa. Ni kitambaa kizuri, kinatolewa kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo mtaa mzima unajua kwamba fulani ametolewa na fulani. Wenzangu wote wameshapewa. Yule wa herufi M, ambaye mpaka leo hana hakika kama mbuni ni ndege au mti, anavyo viwili. Kila Ijumaa alivaa kimojawapo na kupita mbele ya mlango wangu, na kila Ijumaa nilijifanya naandika. Mimi sikuwa na hata leso.

Wenzangu waliniambia pengine binti kasahau. Nikawajibu kwamba hakusahau, ana mkono wa birika tu, na wema wangu nimeutia kwenye pakacha.

Kumwambia amehitimu, hapana, sikumwambia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fomu ya kufuzu ilikuja mezani kwangu kila mwaka, na kila mwaka niliirudisha nimeandika "Bado kidogo." Nilikuwa namlinda na kiburi.

*

Mize akachukua daftari lake akaenda vijijini kuuliza wazee. Mimi nilibaki ofisini kufikiri, na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshapata asili ya neno. Kilemba ni kilele na mwamba. Mtukufu ndiye kilele, taifa ndilo mwamba, na neno limekaa kichwani mwake tangu kabla hajazaliwa. Mwenzetu wa herufi D alikuwa na rai nyingine, kwamba neno ni "kile" na "mba", yaani kile cha kufunikia mba. Alimpelekea Waziri rai hiyo Jumanne asubuhi, na tangu Jumanne mchana herufi D haina msimamizi.

Siku ya sita Mize akarudi, miguu imejaa vumbi jekundu. Nikamwonyesha kadi yangu. Akaisoma polepole.

"Mwalimu," akasema, "kilele na mwamba. Sasa ile 'le' ya pili na 'mwa', zimekwenda wapi?"

"Zilipotea vitani."

"Vita gani hivyo?"

"Ndiyo maana kila mwaka naandika bado kidogo," nikamwambia.

Akaniwekea kadi yake mezani. Mbele aliandika kwamba kilemba ni nguo ndefu inayozungushwa kichwani. Kwamba pia ni zawadi ya mwanafunzi kwa fundi wake siku ya kuhitimu, na ni kile anachopewa mjomba wa bibi harusi, na ni kile chekundu kilicho kichwani mwa jogoo. Kila maana ina kijiji ilikosikiwa na jina la mzee aliyeisema. Mbele palipojaa akageuza kadi. Nyuma aliandika kwamba kumvika mtu kilemba cha ukoka, yaani kilemba cha majani ya kulisha mbuzi, ni kumsifu kwa uongo mpaka ajione. Na chini kabisa, kwamba wazee wa kijiji kimoja wanalitoa neno katika kulemba, na kulemba kwao ni kuizungusha nguo, na pia ni kumzungusha mtu, kumhadaa.

Niliisoma mara mbili. Hapa nitasema kweli, maana karatasi hii haitasomwa na mtu: ilikuwa kadi nzuri kuliko yoyote niliyoandika mimi katika miaka ishirini na sita. Kijiba kilinikaa rohoni nikashindwa kumeza mate. Nikamwambia tu kwamba wino umejaa mno upande wa kushoto.

*

Kamati ya wasimamizi wa herufi ilikaa kesho yake chini ya picha ya kiwiko, ambayo ilikuwa imetundikwa ili hasira isipoe. Waziri aliisoma kadi yangu kwa pumzi moja, akasema imekubaliwa, akaiweka chini ya kikombe chake. Kisha akachukua ya Mize. Akaisoma mbele. Uso ukamfunguka. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akauliza nani kaandika.

Nikamjibu kwamba ni mwanafunzi wangu.

"Huyu si mwanafunzi," Waziri akasema. "Huyu ni hazina. Mjomba wangu mwenyewe alipewa hicho kilemba cha harusi. Lazima Mtukufu amwone huyu binti, na ofisi hii ifikirie nani akae wapi." Akasema hayo akitazama kiti changu. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali, wa herufi M akitikisa kuliko wote.

Mize alikuwa amesimama karibu na mlango na daftari lake, macho chini. Kikombe cha Waziri kilikuwa kimeacha duara la chai juu ya kilele na mwamba. Mwenyewe Waziri keshanyanyua muhuri, umebaki kushuka tu. Ningenyamaza, yale yaliyoandikwa nyuma yangeingia kabatini na kulala huko mpaka wajukuu wetu wayakute.

"Mheshimiwa," nikasema, "geuza nyuma."

Ni maneno mawili. Sikumzulia wala sikumsingizia.

Waziri akageuza. Akasoma kimya, akarudia kwa sauti, sauti ikipungua kila mstari. Alipofika kwenye kuhadaa akaiweka kadi chini kwa vidole viwili. "Kwa hiyo Mtukufu akivaa kilemba," akaanza, na hakuna mtu chumbani aliyetaka kumsaidia kumaliza. Nilimtazama Mize. Hakuitazama kadi wala hakumtazama Waziri. Alikuwa ananitazama mimi, na hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayesubiri nimfafanulie jambo.

*

Amri ilitoka siku ya pili. Kilemba kina maana moja tu, nayo ni kile kilicho kichwani mwa Mtukufu. Asili yake ni kilele cha mwamba. Maana nyingine zote zimefutwa. Wajomba wa mabibi harusi watapewa shukrani. Majogoo walipewa siku thelathini kujirekebisha, na kwa kuwa hawasomi, mitaa ilinukia pilau mwezi mzima. Ukoka uliachwa, kwa sababu ng'ombe wanautegemea, ila usikae na kilemba katika sentensi moja. Raia yeyote mwenye kitambaa kirefu cheupe nyumbani alitakiwa akiandikishe na kueleza ni cha nini. Sanda ziliruhusiwa, kwa sharti mwenye sanda awe amekufa.

Kalamu nyekundu ya kufutia nilipewa mimi. Nikafuta jogoo, nikafuta mjomba. Nilipofika kwenye zawadi ya mwanafunzi kwa fundi, mkono ulisita. Kisha nikakumbuka miaka kumi na moja, na Ijumaa zake zote, na yule wa herufi M akipita mlangoni. Nikasema kama mimi sikupata, basi na asipate mtu. Nikapiga mstari mara mbili, kadi ikatoboka.

Akabaki Mize. Hapo taratibu zikaleta mushkeli. Karani wa nidhamu alinisomea kanuni: mwanafunzi hafukuzwi, maana mwanafunzi hana kosa lake mwenyewe; kosa la mwanafunzi ni la fundi wake.

"Kwa hiyo ikiwa binti bado anafundishwa," karani akasema, "atakayefukuzwa ni wewe."

"Na ikiwa amehitimu?"

"Akihitimu, atajibeba mwenyewe."

Nikavuta mtoto wa meza, fomu ilikuwemo, ileile ya kila mwaka. Nikaijaza kwa mwandiko wangu bora. Niliandika kwamba Mize binti Faki amefuzu, tena kwa kiwango cha juu kabisa, na kwamba sina la kumwongezea. Nikarudisha tarehe nyuma miaka miwili, ionekane nilimtambua mapema.

Alipewa bahasha mbili asubuhi moja. Alifungua ya kufuzu kwanza, akaisoma amesimama, muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe. Ya kufukuzwa hakuifungua. Aliiweka kwapani, akakusanya kalamu zake, akaniaga kwa heshima na kutoka. Mchana huo nilihamia dirishani. Jua linaumiza macho kweli.

*

Sherehe ilifanyika uwanjani. Mtukufu alitokea na kilemba cha mikunjo kumi na tisa, na walinzi wawili nyuma yake kazi yao ilikuwa kushika shingo. Kisha zikatolewa nishani kwa waliolipigania neno. Kwa kuwa kitambaa kichwani mwa mtu mwingine kilikuwa kosa, Waziri Bakungu, ambaye alikulia ghorofani na maishani mwake hajafuga hata kuku wala kukata majani ya mbuzi, alibuni kitu kingine cha kuzungushia vichwa vya wateule. Kilikuwa kibichi, kimesukwa vizuri, kimekatwa alfajiri hiyo bondeni. Mtu wa kumwonya hakuwako, maana maneno ya kumwonyea nilikuwa nimeshayafuta.

Jina langu lilikuwa la kwanza. Mcheza kwao hutuzwa. Nikapiga magoti, Mtukufu akanivika ukoka mbele ya watu elfu arobaini. Uwanja ulikuwa kimya kabisa. Kisheria jambo lisilo na maana huwezi kulicheka, basi watu waliuma midomo, na akina mama wa mstari wa mbele wakafunika nyuso kwa khanga mabega yakiwatikisika. Nilipoinua kichwa nilimwona Mtukufu ananitazama juu ya paji la uso, na nikalitambua jicho lile, nalijua vizuri. Changu kilikuwa kibichi na chake hakikuwa. Akaagiza kipunguzwe, na mlinzi akanipunguza papo hapo kwa mkasi.

Njiani kurudi nyumbani mbuzi watatu walinifuata hadi mlangoni.

*

Alasiri hiyo nikasikia hodi. Alikuwa Mize. Nikavua nishani upesi nikaiweka dirishani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, lileile la kiwiko, akanipa kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo. Nikafungua. Kilikuwa kitambaa cheupe, laini, kimedariziwa pembeni kwa uzi wa hudhurungi, kazi ya mkono mtulivu. Mahali kilipokunjwa palikuwa pamegeuka manjano, mistari minne, kwa kukaa muda mrefu sandukuni.

Nikamwuliza alikinunua lini.

"Mwaka wa kwanza, mwalimu. Kwa mshahara wa kwanza."

"Miaka kumi na moja, Mize? Mbona hukunipa?"

Akanitazama kama alivyonitazama siku ya kamati. "Ningekupaje? Kitu hiki hakitangulii. Fundi ndiye husema kwanza kwamba mwanafunzi amefuzu. Kila mwaka nilikitoa nikakipiga pasi, na kila mwaka wewe uliandika bado kidogo. Nikasema basi, mwalimu ameona lililobaki, mimi ndiye sijaliona." Akatoa fomu yangu mfukoni, imekunjwa vizuri. "Juzi umesema."

Nilitaka kumwambia kwa nini nilisema juzi. Badala yake nikakikunja kitambaa upya. Nje watu wa sensa ya vitambaa walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, nikasikia wakibisha kwa jirani.

"Mize," nikanong'ona, "wakiniuliza, hiki niseme ni nini?"

"Sijui, mwalimu," akasema taratibu, bila kejeli yoyote. "Nimelitafuta jina lake kwenye kitabu kipya na sikulipata. Herufi K ni yako." Akaniaga, akaenda zake.

Nilikaa nacho mapajani. Dirishani mbuzi mmoja alikuwa ameshapanda kwenye kizingiti na kumaliza nishani ya taifa, kabakiza uzi. Watu wa sensa wakaingia na fomu yao. Kitambaa, kimoja. Urefu, dhiraa saba. Rangi, nyeupe. Jina la kitu. Mimi, miaka ishirini na sita katika Ofisi ya Maneno, nilishika kalamu na sikuwa na neno. Wakaanza kunitazama, nikaandika: kitambaa cha meza.

Na kwa kuwa hurudi bila taarifa kukagua kama kila kitu kinafanya kazi kilichoandikiwa, ilibidi nikitandike mezani, na hapo ndipo kilipo hadi leo. Nasikia Mize amefungua darasa kwao, na wanafunzi wake wa kwanza wamefuzu, na kila mmoja alipofuzu alimpelekea kitu kwa mikono miwili, kitu ambacho hakuna anayethubutu kukitaja jina. Anavyo vinne sasa. Mimi si mtu wa wivu. Ninacho kimoja, naye ndiye aliyenipa, na tangu siku hiyo nakula sakafuni.